Robo Tatu Yangu Iko Wapi?

Kompyuta ya steshenari yangu pale Mbagala ilikuwa Core 2 Duo yenye ramu ya giga 1, na uzee wake haukuwa siri. Mteja akileta flashi yenye CV, nikibofya faili, yeye anakwenda kwa mama ntilie wa jirani, anaagiza chai na chapati mbili, anakula, anagombania chenji, anarudi, ndipo ukurasa wa kwanza unajitokeza. Siku hizo mama ntilie alikuwa ananisalimia kwa heshima sana.

Mpwa wangu akaja likizo kutoka chuo, akaitazama dakika tano. "Mjomba, hii iongezee ramu tu."

Jioni nikamwambia mke wangu kesho nakwenda kutafuta ramu.

"Lamu?" akashtuka. "Ada ya mtoto huna, nauli ya Lamu umeitoa wapi?"

Nikamweleza kuwa ni kumbukumbu ya kompyuta. Akanyamaza kidogo. "Basi na wewe jinunulie, Baba watoto."

Kariakoo kijana wa duka akaniuliza, "DDR ngapi, mzee?" Kwa kuogopa kuonekana mshamba nikajibu, "Ile mpya." Akanipa DDR3, ramu ya kizazi cha tatu. Mashine yangu inakula DDR2, ya kizazi cha pili. Zote mbili zina pini 240 na urefu ule ule, ila kuna kijipengo kilichokatwa ukingoni, na hakikai mahali pamoja. Waliokikata waliwafikiria watu kama mimi. Nikaipachika, ikagoma. Nikaigeuza, ikagoma. Nikaanza kuikandamiza kama mtu anayefunga sanduku la bibi harusi, bodi ikalia kwiii. Mpwa akanidaka mkono.

"Mjomba, hiyo inataka volti 1.5, hapo kunatoka 1.8. Ukishinda wewe, tumeshindwa wote."

Kesho yake nikabadilishiwa: vipande viwili vya DDR2, giga 2 kila kimoja. Sasa ile kwiii ilikuwa bado masikioni, kwa hiyo nikavipachika polepole kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Nikawasha. Kioo cheusi. Halafu: piiip... piiip... piiip...

Nje, bodaboda mmoja akasogeza pikipiki yake akidhani lori linarudi nyuma. Mama ntilie akavuta benchi lake. Kuna kijana hata akaanza kuelekeza: "Njoo, njoo, njoo, kata kushoto!"

Mlio ule ni mashine inalalamika kwamba haioni ramu. Bila ramu hata kioo haiwezi kuwasha, kwa hiyo imebakiwa na kupiga kelele. Mpwa akasema labda zile pini za rangi ya dhahabu zimeshika uchafu, tuzisugue kwa ufutio. Ufutio nauza mwenyewe, ila dukani ulikuwa umebaki ule wa watoto wa chekechea wenye harufu ya stroberi. Nikasugua. Piiip, sasa kwa harufu ya stroberi. Tukachomoa betri ya bodi, ile ya mviringo kama sarafu, tukakaa dakika kumi tukiitazama, tukairudisha. Piiip. Tukaacha kipande kimoja tu. Piiip. Tukairudisha hata ramu ya zamani. Piiip! Hapo nikaanza kumhesabia marehemu.

Mama ntilie akaja kudai sahani zake, akachungulia ndani ya kava. "Kaka, mbona hivi vishikizo upande huu vimesimama, ule vimelala?"

Tukatazamana na mpwa. Ramu ikikaa sawasawa, vishikizo vya pembeni hujifunga vyenyewe, ta! Mimi kwa ule upole wangu nilikuwa nimeziegesha tu. Nikavirudisha vile vipya, nikabonyeza kwa dole gumba huku na huku. Ta! Ta! Kioo kikawaka. Nje watu wakapiga makofi, nadhani walikuwa wanampongeza dereva wa lori.

Nikafungua kuangalia mali yangu: giga 3.25.

Nikasoma mara tatu. Nimelipia 4. Jamani, nimepimiwa sukari miaka yote hii, kupunjwa nakujua. Nikavitia vipande kwenye bahasha, nikapanda gari la Kariakoo, nikagonga kaunta. "Kijana, robo tatu yangu iko wapi?"

"Windows yako ya biti ngapi, mzee wangu?"

"Ya kawaida."

"Hiyo ni biti 32. Ichukulie kama daladala. Namba za viti zinaishia giga 4, haijui kuhesabu zaidi. Na humo humo kadi ya picha na wenzake lazima wapewe namba zao. Konda, utingo, mizigo. Abiria wako ndio wanaokosa pa kukaa."

Duka zima lilikuwa linanitazama. Nikaigongagonga tena ile kaunta taratibu, nionekane mtu anayependa ngoma tu.

Mpwa akaapa kuikomboa robo tatu yangu. Usiku akafuta kila kitu, akaweka Windows ya biti 64. Asubuhi giga 4 kamili, hakuna hata punje iliyopungua. Mteja wa kwanza akatoa flashi. Hajakaa, CV imefunguka. Nikabonyeza kuprinti kwa mbwembwe.

Kimya. Printa yangu ya leza, ambayo ni kongwe kuliko kompyuta yenyewe, ikapepesa taa moja ya kijani, basi.

Mpwa akahangaika nayo nusu saa, akainuka anajifuta jasho. "Mjomba, hii haina draiva ya biti 64. Hawakuwahi kuitengenezea."

"Haina nini?"

"Draiva. Programu ya kuiendesha printa."

Kwa hiyo daladala yangu viti vyote vipo, konda yupo, mizigo imepangwa, dereva ndiye hayupo. Mteja akachomoa flashi yake akavuka barabara kuprintia kwa mshindani wangu, na hata chapati hakununua. Mama ntilie akanitazama kwa jicho ambalo bado naliona.

Nyumbani nikasimulia yote. Mke wangu akaendelea kuchambua mchele.

"Bora ungeenda Lamu."