Mashine pepe kwenye seva ya nyumbani: mbwembwe au kinga?

Mtu akipata kompyuta kuukuu na kutaka kuigeuza seva ya nyumbani, ushauri huja wa aina mbili. Kuna wanaosema sakinisha Linux moja kwa moja, weka huduma zako juu yake, kazi imeisha. Na kuna wanaosema anza na Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe) au mwenzake, kisha kila huduma ipewe mashine pepe yake, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi, au angalau kontena, kitengo chepesi kinachotumia keneli (kiini cha mfumo) ya kompyuta halisi. Kundi la kwanza huwaona wa pili kuwa watu wa mbwembwe: kituo cha data kizima kwa ajili ya picha za familia na filamu kumi na mbili.

Nilikuwa kundi la kwanza kwa miaka, na bado naona hoja yao ina uzito kuliko wanavyoitetea wenyewe. Diski yenye ext4, mpangilio wa kawaida wa faili kwenye Linux, ukiichomoa na kuichomeka kwenye laptopu yoyote yenye Linux, faili zako hizo hapo. Diski ya mashine pepe ni faili moja kubwa isiyo na maana yoyote mpaka umpate anayejua kuifungua. Mwenye seva akiugua, nani nyumbani atajua kwamba picha za miaka kumi zimo ndani ya kitu kinachoitwa vm-104-disk-1? Ongeza kwamba kila mashine pepe hubeba keneli yake na hula RAM yake, na kompyuta ya gigabaiti 8 hujaa upesi. Hoja ya kasi ndiyo siiafiki. KVM, kinachoendesha mashine pepe, imo ndani ya keneli ya Linux tangu 2007, na kwa kazi za nyumbani tofauti huioni.

Ila wanaozipinga mashine pepe, na hata wengi wanaozitumia, hudhani faida yake ni kuendesha mambo mengi kwenye kompyuta moja. Hilo hata Linux tupu inalifanya. Faida yenyewe ni mpaka. Kwenye mashine tupu, yaani isiyo na mashine pepe, hebu nionyeshe seva yako inaanzia wapi na inaishia wapi. Kuna mipangilio ndani ya /etc, hifadhidata ndani ya /var/lib, kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) uliyoiandika usiku mmoja miaka miwili iliyopita, na programu uliyoijenga kwa mkono kwa sababu toleo la kawaida lilikuwa na hitilafu. Bakapu (nakala ya akiba) ya mashine tupu, kwa jinsi wengi wetu tunavyoipanga, huchukua unachokikumbuka. Ya mashine pepe huchukua na ulichokisahau.

Nililielewa hili siku nilipoapdeti mfumo na huduma yangu ya picha ikakataa kuwaka. PostgreSQL, programu ya hifadhidata iliyotumiwa na huduma hiyo, ya toleo kuu jipya haisomi folda ya data ya toleo kuu lililotangulia, na mimi nilikuwa nimeshaliondoa la zamani. Picha zenyewe zilikuwa salama, lakini albamu, majina ya watu na tarehe zote zilikuwa kwenye hifadhidata ile. Niliimaliza wikendi nzima. Mwaka uliofuata kosa lilelile likanipata ndani ya mashine pepe. Nikairejesha bakapu ya usiku uliotangulia, na chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Sasa, mashine pepe zikipangwa vibaya, ni afadhali mashine tupu mara kumi. Kosa kubwa ni kuitengenezea mashine pepe diski ya terabaiti 2 na kumwaga kila kitu humo. Chukua laini ya intaneti inayopakia megabiti 10 kwa sekunde. Terabaiti 2 ni biti trilioni 16. Gawanya: sekunde milioni 1.6, yaani siku 18 na nusu, usiku na mchana, na laini isifanye kingine chochote. Hiyo ni nakala ya kwanza tu ya kupeleka nje ya nyumba. Wengi huikatisha siku ya nne kwa sababu simu za video zinakwama, na hawairudii tena.

Utaambiwa Proxmox Backup Server, programu ya bakapu ya Proxmox, hutuma mabadiliko tu, na ni kweli: huikata diski ya mashine pepe vipande vya mebibaiti 4 na kutuma vile vilivyobadilika. Lakini kumbukumbu ya vipi vimebadilika hupotea mashine pepe inapozimwa. Bakapu inayofuata hulazimika kuisoma diski yote upya, na kwa diski ya kuzunguka inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 2 ni karibu saa nne za kukoroma ili mwishowe itume vipande vichache. Picha ya mwaka 2014 haijabadilika tangu 2014. Kwa nini isomwe kila baada ya kuzima na kuwasha?

Kwa hiyo mimi huutenga mfumo na mali. Mashine pepe ya gigabaiti 32 kwenye SSD hubeba programu na hifadhidata. Kwa laini ileile, nakala yake ya kwanza hutoka kwa muda wa saa 7 na dakika chache, yaani umelala umeamka. Picha na nyaraka hukaa kwenye diski ya kawaida ya ext4 kwa mwenyeji (kompyuta halisi yenyewe), zinapachikwa kwenye kontena au kufikishwa kwa NFS, njia ya kushiriki folda kupitia mtandao, na bakapu yake hufanywa faili kwa faili kwa programu ya restic. Hapa kuna mtego: Proxmox inapobakapu kontena, folda iliyopachikwa kutoka kwa mwenyeji haimo. Restic usipoipanga, utakuwa na bakapu nzuri ya huduma ya picha isiyo na picha hata moja. Snapshoti nazo, yaani taswira za diski ilivyokuwa wakati fulani, hukaa kwenye diski zilezile, na RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) hunakili kufuta kwako kwa uaminifu uleule inaonakili kuandika kwako.

Na kurejesha ujaribu kabla hujalazimika. GitLab, kampuni ya kutunza msimbo wa programu yenye wahandisi wa kazi hiyo, tarehe 31 Januari 2017 ilijikuta mmoja wao amefuta hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi, na njia zao za bakapu zikashindwa moja baada ya nyingine. Kilichowaokoa ni snapshoti iliyochukuliwa muda wa saa sita hivi kabla ya tukio.

Jaribio langu la kwanza nililifanya kwenye laptopu ya pembeni, mtandao nimeukata ili mashine mbili zisigombanie anwani moja. Bakapu ikaomba ufunguo wa usimbaji. Ufunguo ulikuwa kwenye programu ya kutunza nywila. Programu hiyo ilikuwa mashine pepe namba 102, kwenye seva ileile niliyokuwa najifanya imeungua.

Ufunguo huo sasa umechapishwa kwenye karatasi, na karatasi imo kwenye bahasha pamoja na hati za nyumba. Nyuma yake nimeandika kwa kalamu ni diski ipi yenye picha, na kwamba haihitaji ufunguo wowote: ichomekwe tu kwenye laptopu yenye Linux.