Gari imetoka bandarini juzi, springi za nini leo?

Ijumaa iliyopita niko gereji moja huko Kisauni nangoja nibadilishiwe bushi, zile mpira za viungo vya chini ya gari, akaingia kijana na Toyota GT86 nyeupe, kibandiko cha Kijapani bado kiko kwa kioo cha mbele, na kiti cha abiria kimekaliwa na boksi la springi za kushusha gari. Fundi akamuuliza, "Umeiendesha kiasi gani?" Akajibu, "Kutoka bandarini mpaka hapa."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka lakini nusu nusu, manake gari yangu ya kwanza ya turbo nilifanya vile vile, eksozi ilifika kabla ya namba.

Hii mada ya uanze lini kumodifai huwa inagawanya watu, na wale wa "subiri kwanza" ndio huishia kuitwa waoga ama wazee. Sidhani wanaeleweka.

Wa "anza leo" nao wana hoja zao. Gari nyingi tunazopata hapa ni eks-Japani, sheria inaruhusu isizidi miaka 8, kwa hivyo ile hofu ya kupoteza waranti ya kiwanda wengi wetu haituhusu. Na kuna vitu haviwezi kungoja. Angalia tairi, zile tarakimu nne za mwisho karibu na neno DOT, ukikuta 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, hata kama kashata bado ziko nene hio mpira imezeeka. Mafuta ya breki pia hunyonya unyevu, na unyevu wa Mombasa unaujua mwenyewe. Hayo fanya siku ya kwanza, hakuna ubishi, ila mimi siiti kumodifai, ni kuirudisha gari ilivyotakiwa kuwa. Alafu kuna raha tu, mtu ameitafuta gari miaka anataka ifanane naye, siwezi kumlaumu.

Sasa hii namba ya 1,600 ndio hunitatiza. Kitabu cha Subaru husema kwa gari mpya kabisa, kilomita 1,600 za kwanza usipitishe injini mizunguko 4,000 kwa dakika. Watu wameichukua wakaifanya tarehe ya kufungulia boksi, 1,600 zikifika kazi ianze. Haya tupige hesabu. Tuseme unakaa Mtwapa unafanya kazi mjini, kwenda na kurudi kama kilomita 40, hio ni siku 40 za kazi. Na katika hizo 40 ngapi umezipitisha Kongowea na daraja la Nyali kwa gea ya kwanza, mguu kwa klachi, gari haijavuta hata mara moja? Ukitaka uzimalize haraka panda Nairobi urudi, ushakaribia elfu moja, lakini hapo pia nusu ya safari uko nyuma ya trela. Na gari iliyokuja na kilomita elfu 80 za mtu wa Osaka, hio 1,600 ni ya nini sasa? Vyuma vyake vilishazoeana kitambo. Namba ni ya injini mpya, haikuandikwa kumpima dereva, na dereva ndio hajui gari yake.

Kujua huko ndio wanaosubiri wanakusudia. Ipite kaskazi moja na masika moja. Kaskazi utajua temperecha inapanda wapi ukiwa foleni na AC imewaka, oili inapungua kiasi gani kati ya savisi na savisi. Masika utajua mkia unateleza wapi, maji yanaingia wapi. Ukifunga springi siku ya kwanza alafu wiki ya pili usikie kitu kinagonga mbele, niambie, ni springi mpya ama ni bushi iliyokuja nayo kutoka Japani? Fundi pia hajui, atafungua vyote na utalipa vyote.

Kwa injini mambo ni mazito zaidi. Subaru STI ya soko la Japani ilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu, yani inayostahimili presha bila kulipuka mapema, kule pampu zao zinakaribia 100. Petroli yetu ya super huwa inatajwa 93. Kijana anapakua mapu ya Marekani, yani mipangilio ya kompyuta ya injini, imeandikwa 93, anaona imeingia sawasawa, kumbe 93 yao ni wastani wa vipimo viwili, RON na MON, ukiigeuza iwe RON peke yake, kipimo tunachotumia sisi, inasogea 98. Yani ameambia kompyuta ya gari kuna mafuta ambayo hayako kwa tangi. Injini ya turbo ikianza kugonga chini ya mzigo, mafuta yakilipuka kabla ya wakati wake, pistoni ndio zinalipa. Angeiendesha stoki, vile ilivyokuja, miezi kadhaa kwanza, angalau angejua ilikua inavuta vipi na mafuta ya hapa kabla hajaidanganya.

Bima sitaki kuingia sana, ila waambie ulichobadilisha, na ukigusa rangi au injini NTSA, wale wa usajili wa magari, nao wajue.

Kijana wa GT86 alifunga springi siku hio hio. Na gari imependeza, sisemi uongo. Jana nimemuona Likoni maji yamekupwa, tena bamvua, ile rampu ya feri imesimama kama ngazi, mwenzake ameshuka ameinama mbele ya bampa anamuongoza kwa kiganja, njoo, njoo, simama, rudi kidogo, na nyuma yake matatu inapiga honi.