Msitake niwaletee kopo la masala kutoka Marekani wakati kinu kiko uani

Haupiti mwezi sijapata ujumbe kutoka nyumbani wa "dada ukija safari hii usisahau yale masala ya Marekani ya kwenye kopo", na kila nikiusoma roho inaniuma, sio kwamba nina uchoyo, kopo lenyewe ni dola chache tu, ila naomba leo niseme linaloniuma maana nimelibeba muda mrefu.

Mi naishi Lafayette, Louisiana, huu mwaka wa tisa, kwetu ni Tanga, Ngamiani. Watu wakisikia Marekani wanafikiria theluji na majengo marefu, huku kwetu hivo vitu ni nadra, huku ni joto lile lile la Tanga la mwezi wa pili, unyevu mpaka chumvi inashikana kwenye kichupa, na wenyeji wanatia punje za mchele humo ndani kama mama alivyokua anafanya. Mbu wapo, bamia wapo, wali kila siku. Yani nilivyofika nililia uwanja wa ndege lakini jikoni sikulia. Na neno lenyewe gumbo, ule mchuzi wao mzito wanaojivunia dunia nzima, limetokana na jina la bamia kwa lugha za Kibantu za upande wa Angola, lilikuja na watu waliouzwa utumwani. Siku naambiwa hilo nilikua nimeshika kijiko, nikakiweka chini kwanza.

Sasa miaka miwili ya kwanza nilikua nafanya shifti mbili, nalea wazee, asubuhi nyumba moja jioni nyumba nyingine, narudi saa nne usiku miguu inawaka moto. Nani atapika? Nilinunua kopo la viungo vya Cajun (wenyeji wa huku wenye asili ya Kifaransa) supamaketi, lile ambalo kila nyumba hapa ipo moja, nikawa natia kwenye kila kitu, kuku, mayai, wali, mpaka parachichi. Tamu kweli sikatai. Bas baada ya muda nikaanza kuvimba miguu, kichwa kinagonga asubuhi, naenda kupima naambiwa presha iko juu na mimi nilikua sijafika hata miaka arobaini. Muuguzi akaniuliza nakula nini, nikamwambia chakula cha nyumbani tu, napika mwenyewe. Akasema nenda kasome lebo ya kila unachotia kwenye sufuria.

Nikaenda nikasoma. Huku sheria inataka vitu viandikwe kwa kufuata uzito, kilichozidi ndo kinatangulia, na neno la kwanza kabisa kwenye lile kopo lilikua chumvi. Chini yake ndo pilipili, halafu neno moja tu "viungo", hawakutaja viungo gani, na sheria inawaruhusu kutokutaja. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kina kama miligramu 2,300 za sodiamu, na hicho ndo kiwango ambacho huku wanamshauri mtu mzima asikipite siku nzima, sasa mi nilikua najimwagia tu kama namwagia maua maji. Kumbe miaka miwili nanunua chumvi iliyopakwa rangi nyekundu kwa bei ya viungo.

Aliyenitoa huko ni bibi jirani yangu, Mcajun wa kizazi na kizazi, ana miaka themanini na kitu, Kifaransa chao cha kizamani bado anakiongea. Hawa ni uzao wa watu waliofukuzwa na Waingereza kule Acadia, sehemu ambayo leo ni Nova Scotia ya Kanada, mwaka 1755, wakatangatanga, na miaka ya 1760 wengine wakaanza kufika huku kwenye vinamasi. Jina Cajun ni hilohilo Acadien limeliwa midomoni. Wazee wa huku mtu yeyote mdogo kwao wanamwita "sha", maana yake mpenzi, kama kwetu bibi anavyokwambia mwanangu hata kama hakujui. Nilivyomwambia habari ya presha akaniangalia akasema, sha, mama yangu hakuwahi kununua kopo maisha yake yote, alikua na chumvi, pilipili manga na pilipili nyekundu, vyote mbalimbali, na mkono wake. Akaniambia njoo Jumamosi.

Ile Jumamosi siisahau. Nimeingia jikoni kwake nakuta vichupa vya jemu vitupu vimeoshwa vimepangwa kwenye kitambaa, kumbe kila mwaka kabla ya msimu wa krofishi, wale kamba wadogo wa matopeni, anachanganya beseni zima anawagawia watoto na majirani. Nikasimama pale mlangoni nikaona uani kwetu Ngamiani kumi la mwisho la Shaabani, bizari nzima imeanikwa kwenye mkeka, pilipili manga kwenye sinia, mama, shangazi na wanawake wa nyumba ya pili wanapokezana mchi, mmoja anapiga, mmoja anachekecha, mi mtoto kazi yangu kufukuza kuku na kupiga chafya. Kila nyumba inaondoka na kikopo chake cha mwezi mzima wa kufuturu. Ule mlio wa kinu wa mikono miwili, du du, du du, mpaka leo nikisikia mtu anagonga kitu nje nageuka.

Naomba niwape anavyochanganya, maana nikisema tu "tengenezeni wenyewe" halafu nisiwape nitakua nimewaonea. Kijiko ni cha chakula. Paprika vijiko vinne, hii ni ile pilipili nyekundu isiyowasha, kazi yake rangi na utamu. Kitunguu saumu cha unga viwili, kitunguu maji cha unga kimoja. Pilipili manga kimoja, pilipili nyeupe nusu (ni pilipili manga hiyo hiyo, ikiiva wanailoweka wanaitoa ganda), pilipili kali ya unga kimoja, kama una watoto weka nusu. Oregano kavu kimoja na thaimu kavu kimoja. Chumvi haimo humo, chumvi utatia kwenye sufuria kwa macho yako na kwa presha yako.

Lakini siri haiko kwenye vijiko. Pilipili manga nunua nzima, ikaange kikaango kikavu moto mdogo, usiondoke, utasikia harufu inabadilika kutoka ya vumbi inakua kama ya mti uliokatwa sasa hivi, hapo hapo toa, iache ipoe ndo usage, ukisaga ya moto inatoa mvuke unga unashikana. Paprika usiikaange hata kwa dakika, inaungua inakua chungu na hakuna dawa. Kitunguu saumu mi nakausha mwenyewe, nakata vipande vyembamba kama karatasi naweka kwenye oveni moto wa chini kabisa masaa mawili matatu mpaka ukivunja kinalia, ninyi mna jua mnashindwaje? Kama kinapindika bado hakijawa, ukikisaga hivo kitaozesha chupa nzima. Mi natumia kimashine cha kusagia kahawa, nikimaliza nasaga konzi ya mchele mbichi inatoa harufu yote. Oregano na thaimu nasugua kwa viganja tu, sipendi ziwe vumbi. Halafu usikae na chupa juu ya jiko, mvuke na mwanga vinaua rangi, weka kabatini, na tengeneza kidogo kidogo cha miezi michache.

Ukitaka kujua kazi yake chukua kipande cha samaki asiye na mfupa, mpake siagi iliyoyeyuka, mpake viungo pande zote, weka kwenye kikaango cha chuma kizito kilichopata moto mpaka kinatisha, fungua madirisha kwanza. Anakua mweusi nje ndani mweupe analainika. Hii staili aliisambaza mpishi mmoja mzaliwa wa Opelousas hapa jirani, Paul Prudhomme, alifungua mgahawa wake New Orleans mwaka 1979, na watu walimpenda yule samaki mwekundu wa kuunguzwa mpaka miaka ya 80 ikabidi uvuvi wake wa biashara uwekewe mipaka. Na yeye ndo alikua anasisitiza pilipili tatu kwa pamoja, nyeusi, nyeupe na nyekundu, kila moja inauma sehemu yake mdomoni, na ni kweli, jaribuni mtaona.

Miezi kumi na minane baadae presha ilishuka, dawa wamenipunguzia, nilipunguza na vitu vingine siwezi kusema ni viungo peke yake, lakini kopo nimeliacha moja kwa moja.

Sasa kilichoniumiza. Nimerudi Tanga juzi juzi, nimekaa wiki tano, naingia jikoni kwa mama nakuta kinu kimegeuzwa juu chini kimekua kiti cha kuwekea ndoo. Pilau limepikwa na masala ya pakiti, mchuzi una vidonge vya supu viwili na chumvi juu yake. Nauliza mdogo wangu akanijibu "dada hayo mambo ya kutwanga yamepitwa na wakati", kwa upole kabisa, anajua ananifurahisha mtu wa majuu. Na pilipili ya unga aliyonunua sokoni niliiloweka kwenye glasi ya maji ikatoa rangi ya chungwa kama soda na chini ikabaki kitu kama unga wa ugali, hata lebo haina, ungemshtaki nani? Na tuko Tanga jamani! Pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu vinatoka Muheza na Amani hapo juu, mwendo wa asubuhi unarudi mchana, mi huku nanunua pilipili manga iliyotoka Vietnam naishukuru.

Sisemi huku kuzuri kuliko huko au huko kuliko huku, watu wanaopenda kulinganisha hivo wananichosha. Huku nina lebo, inanisaidia, laiti ingekuwepo nyumbani kwa kila pakiti, mtu angeona chumvi imetangulia angeshtuka kama mimi. Umeme haukatiki ovyo, kimashine kinasaga kwa nusu dakika. Lakini nasaga peke yangu, mlango umefungwa, hakuna wa kunipokea mchi wala wa kuniambia umezidisha. Nyumbani mna watu, mna jua, mna viungo vya shambani, hamna lebo, halafu mnavitupa hivyo mlivyonavyo ili mpate nisichokitaka mimi huku. Na hawa watu wa hapa walishawahi kupoteza, yule bibi alipigwa shuleni kwa kuongea Kifaransa, katiba ya jimbo ya 1921 ilifanya Kiingereza kiwe ndo lugha ya kufundishia, wajukuu zake hakuna hata mmoja anayemjibu kwa lugha yake. Sasa hivi kuna madarasa, wanalipia, wanahangaika kukirudisha. Ananiambia lile beseni la viungo ndo kitu pekee alichofanikiwa kuwapa kikapokelewa. Mi namsikiliza namfikiria mdogo wangu na kile kinu chini ya ndoo.

Safari ile nilikua nimebeba kichupa kimoja cha mchanganyiko wangu, sio kopo. Siku ya tatu nikampikia mama samaki aina ya changu, nimempaka viungo, nimemchoma kwa mkaa maana kikaango cha chuma sikupata. Mama akala kimya, akalamba kidole, akasema tamu, lakini mpishi wake hajui iliki. Nikacheka mpaka machozi. Akainuka mwenyewe akatoa ndoo, akageuza kinu, akakipuliza vumbi, akatwanga punje sita za iliki na mdalasini kidogo akachanganya na unga wangu, tukapaka samaki wa pili. Mdogo wangu alisimama mlangoni anaangalia, baadae akaja akashika mchi.

Nilivyorudi nilibeba iliki nusu kilo ya Amani, nikaitaja kwenye fomu, mkaguzi akafungua akanusa akaniruhusu. Robo nikampelekea bibi jirani. Akachuna moja kwa ukucha, akanusa muda mrefu, akauliza mama yako anatia ngapi kwenye beseni. Nikapiga simu kumuuliza mama, huko ilikua saa tano usiku, akapokea akasema subiri nitoke uani, humu ndani watu wamelala, halafu wakaanza kuongea wenyewe, mmoja Kiswahili mmoja Kiingereza cha Kifaransa, mi katikati natafsiri punje.