Kabla ya Kupenda Nyumba, Uliza Ardhi Ni ya Nani

Watu wengi wanaotafuta nyumba ya kununua pembezoni mwa Kampala, iwe Najjera, Gayaza au upande wa Kajjansi, huanza kwa kuhesabu vyumba na kuulizia bei, nami naona kwamba mpangilio huo umepinduliwa. Paa bovu huezekwa upya na ukuta wenye nyufa hujengwa tena, lakini kasoro iliyo katika umiliki wa ardhi haina fundi wa kuiziba. Laiti ingekuwa juu yangu, mnunuzi asingefunguliwa hata mlango wa sebule kabla ya kuelezwa ardhi hiyo inamilikiwa kwa njia ipi.

Katiba ya Uganda ya 1995 inatambua njia nne: milki ya kimila, milki huru, ukodishaji wa muda maalumu, na mailo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowatatiza wanaohamia Buganda, eneo la ufalme linaloizunguka Kampala, kutoka Arua, Gulu au Busia. Mailo ilizaliwa na Mkataba wa Buganda wa 1900, na kutokana nayo kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuwa na watu wawili wenye haki halali, yaani mwenye hati na mwenye kibanja, ambaye anaishi au kulima hapo na kulipa busuulu, yaani kodi ya ardhi ya kila mwaka kwa mwenye hati. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda huyu wa pili, kwa mfano yule aliyekuwa ameikalia ardhi kwa miaka 12 au zaidi bila kupingwa kabla ya Katiba hiyo kuanza kutumika, na hati ikiuzwa haki yake haiondoki pamoja na muuzaji. Anayenunua hati bila kuwaona wanaoishi juu ya ardhi hiyo hununua pia migomba yao, makaburi yao na kesi zao.

Upande wa pili nao una mtego wake. Kibanja huuzwa kwa bei nafuu kuliko ardhi yenye hati, na siwalaumu wanaokichagua, kwa kuwa wengi wetu uwezo wetu unaishia hapo. Ila sheria inamtaka mwenye kibanja ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, peke yake, hata yakipigwa mihuri mingapi, hayajazi pengo la ridhaa ya mwenye ardhi.

Taarifa rasmi za hati hupatikana katika ofisi ya ardhi ya kanda husika, nazo huonyesha jina la mmiliki, mkopo wa benki uliowekewa ardhi hiyo kama dhamana, na kizuizi chochote kilichosajiliwa. Ziombe wewe mwenyewe au wakili uliyemchagua wewe, wala usiridhike na nakala aliyokuja nayo dalali. Hata hivyo, daftari la serikali halitakuambia kwamba ndugu watatu wanagombania urithi wa marehemu baba yao. Hayo huyajua majirani, na mimi huwaamini kuliko wanavyoaminiwa kwa kawaida. Mwenyekiti wa kijiji aulizwe, naam, lakini wapo wenyeviti wanaotarajia asilimia yao katika kila mauzo, kwa hiyo muulize pia mama mwenye kibanda cha mboga hapo kando. Uliza hasa kuhusu mke, au mume, wa muuzaji, kwa sababu ardhi ambayo familia inaishi juu yake au inapata riziki kutoka kwayo haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Nikiambiwa kwamba mke amesafiri na atatia saini baadaye, mazungumzo hayo nayamaliza palepale.

Nenda ukaione nyumba wakati wa mvua, Aprili au Novemba. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba za watu katika kinamasi cha Lubigi, na mjadala uliofuata uliegemea sana kwenye huruma, jambo ninalolielewa. Lakini Katiba inasema vinamasi vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote, na mtu anayekionyesha kiwanja chenye matete nyuma ya uzio huku akisifu ubaridi wa hewa yake anajua vizuri kwa nini bei imeshuka.

Kuhusu vipimo nitasema machache: kiwanja cha futi 50 kwa 100 ambacho madalali hukiita desimali 12 (desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari) hakifiki 12 kamili, na mpima ardhi aliyesajiliwa aipime na kuionyesha mipaka kabla ya malipo. Wasomaji wa Kenya, Tanzania na Kongo wakumbuke kwamba asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo wala milki huru. Anaruhusiwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99, na kuficha ununuzi nyuma ya jina la rafiki ni kumkabidhi rafiki huyo nyumba.

Katika bajeti ongeza gharama za wakili, mpima ardhi, na ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani inayokadiriwa na mthamini wa serikali. Fedha zipitie benki, kwa awamu, na ningependekeza sehemu nono ibaki mikononi mwa wakili mpaka hati itoke ikiwa na jina lako. Dalali atakuambia kwamba yuko mteja mwingine anayekuja kesho na fedha taslimu. Mwache aje.