Sikuzimia, Niliita Mama

Nimeona yule ndugu yenu kasambaza kwenye makundi yote ya WhatsApp eti "daktari kazimia kwa sindano." Naomba tuwekane sawa: sikuzimia. Niliita mama. Ni vitu viwili tofauti.

Yalikuwa mafunzo ya kuchoma botoksi tumboni. Ndiyo, hiyo hiyo ya mikunjo ya uso, acheni kucheka. Mtu akiwa na ngiri kubwa iliyotokea kwenye kovu la upasuaji, misuli ya ubavuni huwa imejivuta kila mmoja kwake, ukija kushona kingo hazikutani. Basi wiki nne hivi kabla ya upasuaji unailegeza kwa botoksi, ikubali kuvutwa. Profesa akaomba mtu wa kuchorewa neva, yaani mishipa ya fahamu, tumboni. Ukumbi kimya. Nani kanyoosha mkono? Mimi, niliyeshinda wiki nzima nikiwatambia watu kwamba naenda jimu.

Nikavua shati, nikalala. Makapeni ikaanza kazi: mstari chini ya mbavu, mstari juu ya nyonga, halafu neva zenyewe, zikitoka mgongoni na kushuka mshazari kuja mbele, T7 hadi T12 (T ni sehemu ya kifua ya uti wa mgongo, namba ni ya pingili inakotokea neva). Penye kitovu akaandika T10. Misuli ya ubavuni ina matabaka matatu, na neva hizo zinapita kati ya la pili na lile la ndani kabisa. Usipojua njia yake unamwaga dawa ya bei mbaya mahali ambapo haina wa kumlegeza.

Akaweka mashine ya ultrasaundi upande wa kulia. Picha ikatokea ukutani, kubwa kama ya mpira.

"Ongeza kina," akamwambia fundi.

Mafuta.

"Ongeza tena."

Mafuta bado, wapendwa. Kuna mtu nyuma akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Haya, misuli hii hapa!" akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata mtandao juu ya mwembe kijijini.

Nikafumba macho kwa aibu, na hapo ndipo nilipokosea. Nikasikia: "Tunahamia kushoto. Nukta tatu kila upande, yuniti 50 kila nukta. Ya kwanza tunachoma hapa."

Likatua tone la jeli, ile inayopakwa ngozini ili ultrasaundi ione vizuri. Chupa yake ilikuwa imeshinda mbele ya AC tangu asubuhi. Mimi, mwenye digrii ya udaktari, niliposikia ule ubaridi ubavuni nikajua nimechomwa. Mguu wa kulia ulitangulia kupaa. Kiwiliwili kikafuata. Halafu mdomo: "MAMA WEEEE!" Na profesa alikuwa ameniinamia, maiki imebanwa kwenye kola yake, hapo hapo puani kwangu. Spika nne zikamwita mama pamoja nami.

Kitanda hakikufungwa breki. Kikang'oka taratibu, kwa heshima zote, kama pantoni la Kigamboni. Nimeng'ang'ania pembeni, jeli inachuruzika, napita mbele ya safu ya kwanza nikitazamana na mmoja mmoja. Muda wa kusalimiana ulikuwepo kabisa. Nikaenda kutia nanga kwenye meza ya chai. Sambusa zote chini. (Aliyeandika kwamba niliokota moja nikala, Mungu anamwona.)

Mengine mnayajua. Nilivaa, nikaomba radhi, makapeni imegoma kutoka hata kwa spiriti, na kazini sasa naitwa Tii Kumi.

Kilichonimaliza ni mgonjwa mwenyewe, mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akisubiri zamu yake chumba cha pili. Nilitumwa nikamshike mkono. Sindano sita, hakukunja hata uso. Ya mwisho ilipotoka akanigeukia.

"Baba, ndiye wewe uliyekuwa unaita kule?"

"Ndiyo, mama."

"Pole sana mwanangu. Wewe walikuchoma ngapi?"