Aliyepiga Gome Yuko Wapi?

Ukutani kwangu kuna tembo ambaye mikunjo ya ngozi yake hakuna aliyeichora. Mchoraji ametia rangi nyeusi kwenye masikio, miguu na kivuli cha tumbo, basi. Mwili uliobaki ni lubugo tupu, nguo ya gome yenye rangi ya chungu, na ile mistari myembamba inayokufanya uone ngozi ya tembo mzee ni alama za nyundo. Ukisogea, begani utaona tobo dogo lililotiwa kiraka na kushonwa kwa mkono. Mchoraji hakulificha. Amelifanya kovu.

Nilimnunua Kampala, na tangu siku hiyo picha nyingi za sokoni hazinishiki tena. Unakuta mtu kapata lubugo zuri, kalipaka rangi nzito kona hadi kona: jua la machungwa, mgunga mmoja, twiga wawili weusi. Gome halionekani hata kidogo. Sasa kama ulitaka kulifunika lote, si ungenunua kanvasi? Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora wanyama wake Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi za baiskeli, vitu vya bei rahisi, na akavijaza rangi. Sawa, hadibodi haina la kusema. Lubugo linalo.

Linatokana na mutuba, mti wa jamii ya mkuyu. Msimu wa mvua mkomazi, yaani fundi wa lubugo, anakwangua ganda la juu, anapasua gome la ndani kutoka juu hadi chini, kisha analivua kama unavyomvua mtoto koti. Shina linabaki uchi, kwa hiyo linavishwa majani ya mgomba mpaka liote gome jingine. Mti haukatwi; mtu anaweza kuvuna mti uleule miaka na miaka. Gome lenyewe linapelekwa kibandani, linapigwa kwa saa nyingi na nyundo za mbao zenye mifereji, mipana kwanza, myembamba mwishoni, mpaka kipande kile kinatanuka kuwa shuka. Rangi ya chungu inakuja baadaye, likianikwa juani.

Kwa Waganda, watu wa ufalme wa Buganda nchini Uganda, kazi hii ni ya ukoo wa Ngonge, na mkuu wao wa kurithi huitwa Kaboggoza. Merikani na vitambaa vingine vya misafara ya pwani vilipofika huko karne ya 19, lubugo lilianza kurudi nyuma, likabaki zaidi kwenye kutawaza wafalme, mila na mazishi. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza ufundi huu kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Rafiki yangu Mganda alipomwona tembo wangu alicheka: "Yaani umetundika sanda sebuleni?"

Ninachodai mimi ni kidogo. Tembo wangu ana sahihi ya mchoraji pembeni, na anastahili. Nilipomuuliza muuzaji nani kalipiga gome, alinitazama kama nimemuuliza nani kalima pamba ya shati lake. "Hilo tunanunua tu, dada." Lakini nusu ya kazi ile imefanywa na mkomazi! Jina lake na kijiji chake viandikwe nyuma kwa kalamu, haizidi dakika moja. Watasema mteja hajali. Wageni wangu wote, bila kumwacha hata mmoja, huligusa gome kwanza ndipo waulize habari za tembo.

Halafu, wauzaji, msilikunje. Picha yangu ya pili, korongo taji, nilikunjiwa mara nne na kutiwa mfukoni. Nilipofika Bukoba shingo ilikuwa imepasuka rangi sehemu mbili. Lubugo huviringishwa kama mkeka.

Kuna wanaoniambia nijaribu mayai ya mbuni yaliyochorwa simba. Hapana. Kumchora mnyama juu ya kilichotoka kwa mnyama mwingine kunanikera, na kwa sheria yetu Tanzania ya wanyamapori ya 2009 yai na manyoya ni nyara, usivibebe bila kibali kwa sababu tu muuzaji kakwambia "hakuna shida".

Nirudi kwa Ngonge. Jina hilo maana yake ni fisi maji, ndiye mnyama wa mwiko na nembo ya ukoo huo. Mnyama huyu tunamjua sisi wa kando ya ziwa: kichwa kinachomoza, masharubu yanadondosha maji, samaki mdomoni, mara hayupo. Nimepekua vibanda vingi vya picha. Tembo, simba, twiga, korongo, hata pengwini niliwahi kumwona. Fisi maji juu ya gome la watu wa fisi maji, bado. Atakayemchora anitafute, na sitaomba apunguze bei.