Zinki ndani ya feraiti: sifa ya metali au ya tanuri?

Zinki haina usumaku wake. Hata hivyo ukiitia ndani ya feraiti ya nikeli (feraiti ni oksidi ya chuma yenye usumaku, mara nyingi ikiwa na metali nyingine) kwa kiasi, usumaku wa feraiti hiyo unapanda. Jambo hili ndilo mtaji wa wanaotetea kudopu nanochembe, yaani kubadilisha sehemu ya ioni za feraiti kwa metali nyingine: chagua metali, chagua kiasi, upate sumaku na ukinzani wa umeme unaoutaka. Wanaowapinga hawakatai kwamba sifa hubadilika. Wanachouliza ni kama aliyezibadilisha ni metali, au ni ukubwa wa chembe na moto wa tanuri.

Tuanze na hoja ya kwanza, kwa sababu ina hesabu nzuri. Katika feraiti ya nikeli, NiFe₂O₄, ioni za metali zina makao ya aina mbili: makao A, yanayozungukwa na oksijeni nne, na makao B, yanayozungukwa na oksijeni sita. Usumaku wa A unaelekea upande mmoja na wa B upande wa pili, kwa hiyo kinachopimwa nje ni tofauti tu. Mwanafizikia Louis Néel alilieleza hili mwaka 1948. Zinki hupenda makao A, na ikikaa humo huihamishia Fe³⁺ kwenye B. Upande dhaifu unazidi kudhoofika, wenye nguvu unaongezewa. Kwa Ni₁₋ₓZnₓFe₂O₄, ambako x ni sehemu ya nikeli iliyobadilishwa kwa zinki, jibu ni 2 + 8x magnetoni za Bohr (kizio cha usumaku wa atomu) kwa kila fomula: bila zinki ni 2, na x ikiwa 0.4 ni 5.2.

Hesabu hiyo ni ya karibu na sifuri kamili ya joto, na haiendi mbali. Zinki ikipita takriban 0.4 hadi 0.5, A inabaki na ioni chache mno zenye usumaku za kuzishikilia zile za B zielekee upande mmoja. Zinaanza kuinamiana, kama wanafizikia Yafet na Kittel walivyoonyesha mwaka 1952, na usumaku unashuka. Halijoto ya Curie, yaani ile ambayo juu yake mpangilio wa usumaku hupotea, nayo imekuwa ikishuka tangu zinki ya kwanza: feraiti ya nikeli tupu ina takriban 585 °C, ilhali feraiti ya zinki tupu yenye punje kubwa hujipanga kisumaku karibu na kelvini 10 tu. Ndiyo maana kwenye halijoto ya chumba kilele huwahi kufika kuliko fomula inavyoahidi.

Sasa punguza chembe. Feraiti ya zinki ya nanomita chache, ambayo kwa nadharia haipaswi kuvutwa na sumaku kwa nguvu, huvutwa, kwa kuwa sehemu ya zinki imekaa B ambako si kwake. Dhana iliyobeba hesabu nzima imevunjika. Ongeza ngozi ya chembe, ambako ioni zimekosa majirani na usumaku wake umevurugika. Tuseme ngozi hiyo ina unene wa nanomita 0.5. Kwenye chembe ya nanomita 5 inakula karibu 49% ya ujazo, kwenye chembe ya nanomita 20 inakula 14%. Basi kama zinki imeifanya chembe iwe ndogo zaidi, jambo la kawaida kwenye maabara, usumaku ulioshuka unaweza kuwa deni la ukubwa wakati lawama inabebwa na zinki.

Kwa kobalti wanaopinga hawana la kusema sana. Nguvu inayoufunga usumaku kwenye mwelekeo wa fuwele ni takriban 2×10⁵ J/m³ kwa feraiti ya kobalti, na kama 1.1×10⁴ tu kwa magnetaiti, yaani feraiti ya chuma tupu, Fe₃O₄. Ukitumia kigezo cha kawaida cha KV = 25kT (K ni nguvu hiyo, V ujazo wa chembe, k kigezo cha Boltzmann, T halijoto) kwenye kelvini 300, magnetaiti hushindwa kuushikilia usumaku wake kwenye mwelekeo mmoja chini ya nanomita 26 hivi, feraiti ya kobalti chini ya 10. Tofauti hiyo ni ya metali yenyewe, na hakuna tanuri la kuizua.

Mzozo mwingi huzaliwa kwenye bika, chombo cha maabara cha kuchanganyia. Chukua Co₀.₇Zn₀.₃Fe₂O₄ kwa njia ya kushusha mashapo kwa pamoja. Kupata mole 0.01, sawa na gramu 2.37, unahitaji FeCl₃·6H₂O gramu 5.41, CoCl₂·6H₂O gramu 1.67 na ZnSO₄·7H₂O gramu 0.86. Usitumie ZnCl₂: inanyonya unyevu wa hewa mbele ya macho yako, na ulichopima kwenye mizani ni zinki pamoja na maji. Hidroksidi ya sodiamu inayotosha kihesabu ni gramu 3.2, na inaongezwa kidogo hadi pH ifike 10 au 11. Hapo ndipo wengi huharibu. Zinki huyeyuka tena alkali ikizidi, kwa hiyo kwenye pH 13 sehemu yake inaondoka na maji ya kusafishia. Amonia ni mbaya zaidi kwa kazi hii, maana inashikamana na zinki na kobalti na kuzibakiza kwenye maji. Koroga kwenye 80–90 °C kwa saa moja au mbili, osha mpaka nitrati ya fedha isionyeshe tena kloridi, kausha.

Halafu unaandika x = 0.3 kwa sababu ndicho ulichopima kabla ya kuanza. Bila kuyeyusha unga na kupima metali zilizomo, namba hiyo ni nia tu. Difraksheni ya eksirei, yaani kusoma mpangilio wa fuwele kwa eksirei zinazotawanywa nayo, haitakuokoa, kwani chuma, kobalti na zinki zinakaribiana mno kwa idadi ya elektroni. Tena ukitumia mirija ya eksirei yenye shaba, chuma na kobalti hung'aa zenyewe na kuinua kelele ya nyuma mpaka vilele vidogo vya uchafu vinazama humo.

Vipimo navyo vina ujanja wake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Korea Kusini, walitangaza nanochembe za feraiti ya manganisi na zinki, x = 0.4, zenye emu 175 kwa gramu (emu ni kizio cha usumaku). Ukiweka namba hiyo kando ya 92 ya magnetaiti utadhani imekaribia mara mbili. Lakini gramu yao ni ya metali peke yake, bila oksijeni. Kwa gramu ya feraiti nzima ni kama 127. Ongezeko bado ni kubwa, na mimi nalihesabu upande wa wanaotetea zinki, ila si muujiza unaosomwa haraka haraka.

Kwenye umeme hoja ya kudopu ndiyo dhaifu zaidi. Umeme wa feraiti hupita hasa kwa elektroni kuruka kati ya Fe²⁺ na Fe³⁺ zilizo jirani kwenye B, hivyo Fe²⁺ kidogo tu inaangusha ukinzani. Choma feraiti ya nikeli na zinki kwenye 1200 °C bila uangalifu, zinki inaanza kutoka kama mvuke, oksijeni inapotea, na Fe²⁺ inazaliwa. Mmoja ataripoti kwamba zinki imepandisha ukinzani, mwenzake kwamba imeushusha, na wote wawili wamepima sawasawa. Viwanda vya feraiti ya manganisi na zinki vinalijua hili: hudhibiti oksijeni ya tanuri wakati wa kupooza, kisha hutia oksidi ya kalsiamu na silika kwa sehemu mia chache kwa milioni. Nyongeza hizo hazikai hata ndani ya fuwele. Hujipanga kwenye mipaka ya punje na kuzuia umeme hapo.

Tembe ya unga wa nano uliobanwa bila kuchomwa ina vinyweleo vilivyojaa unyevu. Ipashe hadi 200 °C huku ukipima, kisha iache ipoe ukiendelea kupima. Mistari miwili ikitofautiana, wa kwanza ulikuwa unapima maji. Ukiichoma 900 °C ili uondoe vinyweleo, punje zinakua, mara nyingi kupita nanomita mia, na neno nano linabaki kwenye kichwa cha makala tu.

Kwa hiyo ulinganisho ninaouamini hauchomi sampuli zote kwenye joto moja, ingawa ndivyo inavyofanywa mara nyingi. Unatafuta joto la kila sampuli litakaloipa ukubwa uleule, tuseme nanomita 15, unazipooza kwa mwendo mmoja, na unapima zinki iliyomo baada ya kuchoma. Bado makao ya ioni yatakuwa yamesogea kidogo kwa sababu joto ni tofauti, na hilo litataka kipimo cha Mössbauer, kinachotumia miale ya gama kutambua chuma imekaa wapi. Ila angalau ukubwa utakuwa umeondoka kwenye orodha ya washukiwa.